Mabibi Harusi wa Mganga

Mganga wa Rugu hakuwa na wagonjwa. Ungemuuliza angekuapia mbele ya mizimu ya kwao kwamba hajawahi kupokea mlevi hata mmoja nyumbani kwake, na wala hajui dawa ya pombe inafananaje. Alichokuwa nacho ni mabibi harusi. Walikuja kwake wamebebwa kwenye machela, wamefunikwa gubigubi kwa nguo za magome ya mti, wanawake wakipiga vigelegele mbele na nyuma, na wengi wao walikuwa na ndevu.

Kwa asiyekulia Karagwe nieleze kidogo. Kwa Wanyambo wa wakati ule bibi harusi, mugole kwa lugha yao, hakutembea kwenda kwa mumewe. Alibebwa amefunikwa ili jicho la mtu lisimwone njiani, na akifika alifungiwa ndani kwa miezi, anakunywa maziwa, anakula vizuri, anasuka mikeka, na akitaka kitu ananong'ona. Kumchungulia ilikuwa utovu wa adabu, na kuuliza habari zake ilikuwa vilevile. Basi mganga alipoona desturi hiyo ipo, imekamilika, na kila mtu anaiheshimu, aliona hana haja ya kutunga nyingine. Mtu akishindwa na rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ndugu zake walikwenda kwa mganga kimyakimya, siku ikapangwa, na mlevi akaolewa.

Aliolewa na nani? Na mwana wa pekee wa mganga, mchunga mbuzi mmoja mpole ambaye sikumbuki kumsikia akimaliza sentensi. Majirani walimhesabia wake wengi kuliko mkama mwenyewe, mfalme wa nchi. Siku moja wazee wa ukoo walimwendea kulalamika kwamba vijana wengine wanakosa wachumba kwa ajili yake, wakamwomba apunguze kasi. Aliwasikiliza, akawaambia atajaribu.

Mimi nilikuwa jirani yao. Duka letu la kaniki, chumvi na shanga lilitazamana na migomba ya mganga. Babu yangu alitoka Mrima, kule pwani, akifuata pembe za ndovu, akachoka hapa, akakaa. Nimezaliwa Karagwe na Kinyambo nakisema kama wenyewe, ila ibada na mapishi vyetu ni vya pwani. Mume wangu alikuwa ndiye anayetusalisha sisi Waislamu wachache wa pale, na kwenye baraza ya duka alisomesha watoto Kurani. Nami, niseme ukweli, ni mtu wa hasira za karibu na sipendi kufichwa jambo. Dukani kwetu habari zilifika kabla ya wateja. Kwa hiyo kuishi ng'ambo ya njia na mganga huyu, mwanamke anayejua aibu za nusu ya nchi na hatoboi hata moja, kwangu ilikuwa adhabu.

Tena usidhani alikuwa mtu wa kimya. Alikuwa mbeya kupindukia. Ng'ombe wa nani kamwingilia nani shambani, nani kaachwa, nani kajiachisha, nani kamnyima mkwewe samli, yote utayapata kwake, na chumvi juu. Lakini umtajie mtu mmoja aliyepita mikononi mwake, uso wake ulifungwa kama mlango. "Huyo simjui," anasema. Niliwahi kumtajia mwanawe kwa kumjaribu tu, kwa vile siku hizo alikuwa amelala ndani na homa. Akanijibu, "Huyo simjui."

Na jambo lililowachanganya watu zaidi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitengeneza rubisi nzuri kuliko zote Rugu. Kila alasiri aliketi langoni mwake na kibuyu kati ya magoti na mrija mdomoni, akinyonya polepole na kusalimia wapitao. Nilimuuliza haoni haya, kuwatibu watu kitu anachokunywa mwenyewe hadharani.

"Nikiacha mimi," akasema, "watu watauliza nimeugua nini."

Ndani ya boma lake mambo yalikwenda hivi, kwa kadiri nilivyoweza kuyapata kwa kuokoteza. Bibi harusi akifika, kitu cha kwanza mganga alimnyang'anya mrija wake akauchoma moto. Halafu alimnywesha maji ya mzizi mchungu, akatapika mpaka akakumbuka mama yake. Waliotetemeka aliwakumbatia yeye mwenyewe, kutwa nzima, akiwaimbia nyimbo za kubembelezea watoto. Kila mmoja alikaa chumba chake, na akitoka nje alijifunika uso. Wote waliitwa bibi harusi, wote walinong'ona, na wote walisuka mikeka, maana ndiyo kazi ya mugole. Mikeka ile iliuzwa mpaka Rugera, na wenye jicho walijua kwamba mkeka mgumu wenye mafundo umesukwa na mwanamume mwenye cheo.

Niliwahi kumwambia mambo haya yote ni mchezo wa watoto, kwamba mlevi anajulikana tu, kijiji kizima kimemwona akilala mtaroni.

"Kulala mtaroni kila mtu analala," akanijibu. "Lakini ajulikane kwamba aliletwa kwangu, basi hata akipona, kila akinyoosha mkono kuchukua kikombe cha maji watu watamtazama mkono. Atapona pombe, macho ya watu hatapona."

Nilikasirika.

Aliwahi kuja askari mmoja wa Mjerumani, ametumwa kutoka Bukoba kumtafuta mnyapara wa wapagazi aliyepotea. Mganga akasema hapa hakuna mnyapara, pana mabibi harusi tu, na askari kama ana mama basi anajua kwamba bibi harusi hafunuliwi. Askari alikuwa na mama. Lakini naye alikuwa mjanja, akaomba awasalimie kwa mkono. Wakapangwa mstari uani, wamefunikwa, na askari akapita akipokea mkono mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nyuma ya ua nachungulia. Mikono mingine ilikuwa na manyoya ungedhani ni ya nyani.

"Mabibi harusi wenu wana mikono migumu," askari akasema.

"Kwetu wanawake hulima," mganga akamjibu.

Askari akapiga saluti, akaenda zake. Haukupita msimu mwingine wa mvua, akaja bibi harusi mpya, mzito, wabebaji wakilalamika njia nzima, na miguuni mwa machela zimechomoza buti mbili. Mganga alizitupia nguo juu na kuwapigia kelele wapiga vigelegele waongeze sauti.

Lakini hakuna lililochekesha nchi kama lile la binti wa Bugomora. Huyu alikuwa bibi harusi wa kweli, anapelekwa kuolewa Rugera. Siku hiyohiyo kulikuwa na mzee mmoja mlevi anayeletwa kwa mganga. Machela mbili zikakutana mahali pa kupumzikia, wabebaji wakafahamiana, wakanywa, na walipoinuka kila kundi likabeba machela iliyokuwa karibu. Mzee akafika Rugera amelala fofofo. Wanawake wa kule, kwa desturi yao, wakaanza kumpaka samli miguu akiwa bado amefunikwa. Alipozinduka aliwashukuru sana, akasema alikuwa ameambiwa dawa ya Rugu ni chungu, kumbe watu waongo.

Binti naye akafika kwa mganga. Kwa kuwa bibi harusi hasemi, hakusema. Kwa kuwa mganga haulizi mtu jina, hakuuliza. Akanyweshwa mzizi. Akatapika. Akadhani ndivyo ndoa zilivyo, na kwamba mama yake hakumwambia kwa kutotaka kumtisha. Watu wa Rugera walipokuja mbio kuulizia, mganga alisimama langoni akawaambia, "Mabibi harusi ninao. Ni nani na ni nani, sisemi." Wakaomba, wakatukana, wakalia. Sisemi. Mwishowe shangazi wa binti alizunguka nyuma ya ua akaimba wimbo wa nyumbani kwao, na kutoka ndani sauti nyembamba ikaitika. Hapo ndipo mganga alipofungua lango.

"Amejitaja mwenyewe," akasema, tena kwa kiburi. "Mimi sikumtaja."

Binti aliolewa vizuri, akazaa. Ila rubisi hakuigusa maisha yake yote.

Nilicheka sana siku zile. Nilikuwa sijajua kwamba zamu yangu inakuja.

Mume wangu alikuwa akinywa. Nimeandika, basi. Mwanzoni alikunywa kwenye birika la chai, na mimi nilijiambia ni chai, ingawa ilikuwa na povu. Halafu watoto wakaanza kusomeshwa sura ileile wiki nzima, kwa sababu mwalimu hakukumbuka waliyosoma jana. Halafu Ijumaa moja alisujudu na hakuinuka, na wazee waliokuwa nyuma yake wakabaki wameinamisha vichwa chini wakingoja, mpaka mmoja akakohoa. Walisema ni uchovu. Walikuwa watu wema, lakini nilijua kwamba ikitokea tena hawatasema uchovu. Mnyambo akinywa anakuwa mlevi tu, amezidisha kitu ambacho kila mtu anacho. Mwalimu wetu akijulikana anakunywa, hana msikiti, hana wanafunzi, hana uso wa kumsimamisha mbele ya mtu.

Asubuhi moja akaniambia anakwenda Bukoba kufuata nguo, na kwamba anaweza kukawia. Hakunitazama. Hakuchukua mpagazi hata mmoja. Alasiri nikiwa dukani ikapita machela na vigelegele, na chini ya nguo ya magome bibi harusi akapiga kwikwi, akasema, "Astaghfirullahi."

Nilibaki nimeshika kibaba cha chumvi hewani, mteja ananitazama.

Kesho yake nilipika wali wa samli na iliki, kile chakula mume wangu alichokuwa akikipenda, nikajaza sahani, nikavuka njia.

"Shikamoo, bibi. Nimemletea chakula bibi harusi."

"Marahaba, mwanangu. Bibi harusi yupi?"

"Yeyote anayekula wali."

Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akaipokea. "Kesho uje kuchukua sahani yako," akasema, na lango likafungwa.

Sahani ilirudi imelambwa, haina punje. Nilishangilia kama mtoto. Nani mwingine Rugu anayelamba wali wa iliki? Nikamwambia mganga, "Kwa hiyo yupo!" Akanyonya mrija wake. Siku iliyofuata sahani ilirudi wali wake wote haujaguswa. Nyingine ikarudi imeliwa upande mmoja tu, mstari umenyooka. Nyingine ikarudi na maganda ya ndizi juu yake. Nikaona ananivuruga makusudi.

"Sahani yako ina maneno mengi," akaniambia. "Naifunza kunyamaza."

Nilimtukana. Nilimwambia ni mchawi, nilimwambia nitakwenda kwa wakubwa Bukoba, nilimwambia ni mume wangu na nina haki ya kujua kama anakula, kama analala, kama yu hai. Alinisikiliza mpaka mwisho, mrija mdomoni. Halafu akasema, "Mume wako simjui, mwanangu. Nasikia amekwenda Bukoba."

Nikaendelea kwenda kila siku. Nilikuwa sina mahali pengine pa kuupeleka upendo wangu.

Alasiri moja tukasikia kilio kwa mganga. Bibi harusi mmoja amefariki, watu wakasema, kutetemeka kumemshinda. Hakuna aliyejua ni nani. Nilivuka njia bila viatu na bila mtandio, nikapiga lango kwa ngumi zote mbili. Mganga akatoka. Macho yake yalikuwa mekundu, nguo imelowa maji ya mzizi.

"Ni yeye?" nikamuuliza. "Sema neno moja tu. Ni yeye?"

Alianza kufunga lango, akalishikilia. 

"Kesho," akasema, "usisahau kuleta wali."

Nikakaa chini pale pale langoni, nikalia mpaka nikaishiwa machozi. Aliniacha nilie. Ndugu wa marehemu walikuja kumchukua kesho yake, amefunikwa, kwa vigelegele, kama mabibi harusi wanavyorudi kwao kusalimia, na wanawake waliovipiga walikuwa wanalia.

Mume wangu alirudi kutoka Bukoba mvua zilipokwisha. Amekonda, mikono imetulia, ameleta jora moja la kaniki ambalo nililitambua, maana lilitoka duka la mwenzetu wa Rugera. Nikamkaribisha. Nikamuuliza habari za safari, akasema njema. Jioni ile aliokota ukindu uliokuwa pembeni, akaanza kusuka mkeka, haraka, bila kutazama vidole.

"Umejifunzia wapi?" nikamuuliza.

"Bukoba," akasema.

Hakunywa tena. Watoto wakaihitimu Kurani, wazee wakaswali nyuma yake kwa amani, na nyumba yetu ikajaa mikeka. Miaka ikapita hivyo. Mimi sikusema kitu, kwa sababu niliona ule uongo wa Bukoba ndio uliokuwa umemsimamisha. Ningeuondoa, angeanguka mbele yangu kila siku. Kwa hiyo nikawa na mimi kama mganga, nimefunga uso, na tabia yangu mnaijua.

Lakini lilikuwapo neno moja. Alikuwa akilisema mara mojamoja, akichoka, au tukigombana. "Nilipokuwa Bukoba," anasema, "hakuna mtu aliyeniulizia." Halafu anaendelea kusuka. Nilikuwa nikisikia hivyo natamani kupasua vyombo. Kumbe alilala pale, mgonjwa, ng'ambo ya njia tu, akiamini kwamba mkewe anapima chumvi na hana habari naye! Na kumwambia sivyo ilikuwa ni kumwambia najua alikuwa wapi.

Alipougua kifua, na ikawa wazi kwamba hatainuka, neno lile alilisema mara nyingi zaidi. Nikapiga moyo konde nikavuka njia.

Mganga alikuwa amezeeka kabisa. Haoni sawasawa, ngozi imebaki mifupani, ila kibuyu kiko palepale kati ya magoti. Nilimshika miguu, nikaketi chini.

"Bibi," nikamwambia, "zamani nilikuwa naleta wali hapa. Aliyekuwa anaula hakujua unatoka wapi?"

"Hakuna aliyeula," akasema. "Harufu ile ya kwenu, boma zima lingejua bibi harusi gani ni mtu wa pwani. Nilikuwa nawapa kuku."

"Hata siku ya kwanza? Sahani ilikuwa imelambwa!"

"Kuku waliupenda sana."

Nilitaka kumpiga, mkongwe yule, na wakati huohuo nikaanza kucheka, nikashindwa kujizuia. 

"Na wewe hukumwambia yeyote kwamba kuna mtu anakuja langoni?"

"Wanaokuja langoni nao ni watu," akasema. "Nawaficha vilevile. Ningesema mke wa fulani amekuja analia, na fulani amekwenda Bukoba?"

Nikamweleza. Sikutaja jina. Nilisema kuna mtu anakufa, na anakufa akiamini hakuna aliyemuulizia. Nikimwambia nilikuja, nitakuwa nimemfunua. Nisipomwambia, atakwenda nalo kaburini. Mganga alinyonya mrija, na ukatoa mlio wa kibuyu kilichokwisha. Akakiweka chini. 

"Mimi nimezoea kufunga," akasema mwishowe. "Kufungua sijui kunafanywaje. Lakini miguu iliyokuja hapa ilikuwa yako. Habari za miguu yako huhitaji ruhusa yangu kuzisema."

Kisha akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, kama nilivyosikia alikuwa akiwashika waliotetemeka, akaniambia niende upesi.

Nilimkuta mume wangu amelala ubavu, macho kwenye ukuta. Nikaketi kitandani nyuma yake, maana mbele ya uso wake nisingeweza.

"Miezi ile ulipokuwa Bukoba," nikamwambia, "mimi nilikuwa nikienda langoni kwa mganga kila siku na chakula. Nilikuwa nauliza."

Hakuuliza nilikuwa namtafuta nani. 

"Kila siku?" akasema.

"Kila siku."

"Hata ile siku mvua ya mawe ilipoangusha migomba yote ya hapa Rugu?"

"Hata siku ile. Nililia njia nzima, na hakuna aliyejua, kwa sababu ya mvua."

 Alipapasa nyuma mpaka akaupata mkono wangu, akauvuta kifuani kwake, akaushikilia.

"Bukoba kulikuwa na baridi sana, mke wangu," akasema.

Nikamwambia najua.